Kesho: tukio la mezani

Habari zenu wapendwa. Kesho tunarekodi tukio la chakula cha usiku katika filamu yetu, pale siri ya baba inapofichuka. Ni kurasa nne za skripti na kamera moja, kwa hiyo tengeni siku nzima.

Sauti kwanza. Friji na feni zizimwe: mvumo ukiruka kila picha inapobadilika, mtazamaji anatoka kwenye hadithi. Atakayezima friji aweke funguo zake ndani ya friji hiyo, hatasahau kuiwasha. Kisha turekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba, wote tukiwa ndani, ili mhariri azibe nazo mapengo ya sauti.

Picha pana zitangulie, halafu za karibu tukianza na anayeigiza mama. Kilio cha kweli hakirudiwi mara saba. Mnaomjibu mkiwa nje ya picha, msidakie maneno yake. Sauti zikipandana, mhariri hana pa kukata. Kamera ibaki upande mmoja wa meza, la sivyo ndugu wanaogombana wataonekana wanatazama upande mmoja.

Mezani kuleni kidogo sana. Sahani na glasi zipigwe picha kwa simu baada ya kila teki (kila mara tunaporekodi), ili tuzipange vilevile. Madirisha yafunikwe kitambaa cheusi ili ionekane ni usiku. Betri zichajiwe leo usiku, tafadhali.