Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya: Bibi Anayesimama Mlangoni

Ndugu zangu wa jukwaani, na ninyi nyote mnaopenda maigizo hata kama hamjawahi kusimama mbele ya watu: heri ya Krismasi, na mwaka mpya uwakute wazima.

Msimu huu ni wa milango. Mtu anapiga hodi, mwingine anaitikia karibu kabla hata hajajua ni nani. Ndiyo maana kila Desemba fikra zangu humwendea mwongozaji wa tamthilia wa Ufaransa, Ariane Mnouchkine. Simjui mwongozaji mwingine aliyeuchukulia mlango kwa uzito kama yeye. Waongozaji wengi usiku wa onyesho hujificha nyuma ya pazia, au huketi safu ya mwisho moyo ukiwadunda. Yeye husimama mlangoni, akikata tiketi kwa mkono wake na kuwasalimu watu wanapoingia. Ndivyo alivyofanya kwa miongo mingi, na tuzo hazikumwondoa pale, si ile ya Kimataifa ya Ibsen ya mwaka 2009, wala ile ya Kyoto ya mwaka 2019.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1939 karibu na Paris. Baba yake, mwenye asili ya Urusi, alikuwa mtayarishaji wa filamu. Mama yake alikuwa Mwingereza. Angeweza kuingia kwenye sanaa kwa mlango wa baba. Badala yake, mwaka 1964, yeye na wenzake waliokuwa wakiigiza pamoja tangu enzi za uanafunzi wakaanzisha kundi la Théâtre du Soleil, yaani Ukumbi wa Jua. Ni kundi la ushirika, na kila mtu hulipwa sawa, mwongozaji na mwigizaji, fundi na mpishi. Kwa zaidi ya nusu karne! Sisi tuliowahi kugawana mapato ya mlangoni baada ya onyesho tunajua hapo ndipo makundi mengi hufia.

Kwa miaka sita ya kwanza walihangaika bila nyumba. Mchana wengi walifanya kazi nyingine, jioni wakakutana kwa mazoezi. Mwaka 1967 walipata jina kwa kuigiza tamthilia ya Mwingereza Arnold Wesker kuhusu jikoni mwa mkahawa, wakipika, wakikaanga na kubeba sahani bila chakula chochote, kwa ishara za mwili tu. Kisha, mwaka 1970, wakapata Cartoucherie, kiwanda cha zamani cha risasi katika msitu wa Vincennes, ukingoni mwa Paris. Jeshi lilikuwa limekwisha kuondoka. Waigizaji wakashika mafagio na brashi za rangi, wakasafisha na kurekebisha wenyewe. Mwishoni mwa Desemba hiyo, watu wakiwa bado kwenye sikukuu, milango ikafunguliwa kwa onyesho la "1789", kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Walikuwa wamelianzia Milan, Italia, mwezi mmoja kabla.

Naomba nikae kidogo kwenye onyesho hilo, maana kuna tukio ndani yake ambalo silichoki. Majukwaa yalikuwa kadhaa, yakiunganishwa kwa njia za mbao, na watazamaji wangeweza kusimama katikati kama umati wa sokoni. Inapofika kuanguka kwa gereza la Bastille, mtu angetarajia mizinga na kelele. Mnouchkine hakuleta hata bunduki. Waigizaji walijigawa kila pembe, kila mmoja akawaita watu wachache wamsogelee, akaanza kuwasimulia kwa kunong'ona, kama jirani anayekuletea habari kubwa usiku. Minong'ono ikapanda taratibu, kona hii na kona ile, hadi sauti zote zikakutana katika kelele moja ya ushindi, na ukumbi mzima ukageuka sherehe. Furaha kubwa ilianzia kwenye sikio la mtu mmoja. Mimi huiona Krismasi hivyo: habari iliyoanza kwa wachungaji wachache usiku, kabla ya kengele na kwaya zote hizi.

Hadi leo Cartoucherie ni nyumba kuliko ukumbi. Ukifika mapema, kundi lenyewe limepika, na mara nyingi chakula kinafuata nchi ambayo mchezo unaihusu. Waigizaji unaweza kuwaona wakijipaka rangi na kuvaa maleba, kimya, kila mmoja mbele ya kioo chake. Mgeni haonyeshwi kilichokamilika tu, anaonyeshwa na maandalizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na mlango huo haukufunguliwa kwa wenye tiketi peke yao. Mwaka 1996 wahamiaji wasio na vibali, wengi wao kutoka Mali, walipotolewa kwa nguvu katika kanisa la Saint-Ambroise jijini Paris, Mnouchkine na kundi lake waliwapokea Cartoucherie. Miaka michache baadaye walikwenda kuwasikiliza wakimbizi, wakiwemo waliokwama kambini Sangatte, karibu na Calais, wakitafuta njia ya kuvuka kwenda Uingereza. Masimulizi yale yakawa onyesho la mwaka 2003, "Le Dernier Caravansérail", yaani Nyumba ya Mwisho ya Misafara. Waigizaji waliingia jukwaani juu ya vibao vyenye magurudumu, wakisukumwa na wenzao, kwa sababu mkimbizi hana ardhi anayoikanyaga kama yake. Nikifikiria familia ile ya Nazareti iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni, picha ya vibao vile hunijia.

Mwaka 2006 Mnouchkine alirudi na vibao vya magurudumu kwa jambo tofauti kabisa: vyumba vidogo vya watu wa kawaida, meza ya kulia, keki ya siku ya kuzaliwa, mtu anayesafisha nyumba ya mama aliyefariki. Onyesho liliitwa "Les Éphémères", Vya Kupita. Kila chumba kilisukumwa taratibu mbele ya watazamaji, kikakaa kidogo, kikaondoka. Kwa yeyote ambaye mwaka huu kiti kimoja mezani kwake ni kitupu, nakukumbuka hasa. Mlaze mpendwa wako mahali pema moyoni, na umtaje jina lake wakati wa kula.

Novemba 2024, akiwa na miaka 85, Mnouchkine alifungua tamthilia mpya kuhusu mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917. Bado anafungua milango.

Basi kwenu mafundi wa taa na sauti mtakaokuwa kazini watu wakila, waigizaji mlio mbali na nyumbani, wazazi mnaowaruhusu watoto wenu wafuate sanaa hii ngumu, na watazamaji wetu, ambao bila ninyi tungeigiza kwa viti: heri ya sikukuu. Pumzikeni, kuleni, simulianeni. Tuonane Januari kwenye mazoezi, nitakuwepo mlangoni.