Kwa vijana wa Katuba, kabla hamjakopa pesa ya Noeli

Wana wangu na wajukuu wangu,

Desemba imefika. Kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni vimeshatundikwa, miti ya Noeli ya plastiki imetolewa kwenye makatoni, na kila kibanda cha simu kina spika inayolia tangu asubuhi. Siwaandikii kuwakataza kununua. Wanaouza pale ni mama zenu na dada zenu, na wengi wao hutegemea mwezi huu kulipia watoto masomo Januari. Nawaandikia juu ya deni, na juu ya shukrani inayopotea kwa sababu ya deni hilo.

Mambo yenyewe nayaona, kwa kuwa wakopeshaji wa riba hupita mbele ya mlango wangu mwezi wa kwanza. Kijana anachukua dola mia, anaahidi kurudisha mia na hamsini. Anawavalisha watoto nguo mpya za kwenda misa, ananunua kreti za bia za kupokelea Bonane, yaani Mwaka Mpya. Januari haijafika katikati, mfuko wa unga umekwisha na simu imeuzwa. Na mama yake, aliyemlea kwa kuuza makaa kando ya barabara, sikukuu zote kijana hakwenda kumsalimia hata mara moja. Kijana huyo ana moyo mzuri, namjua. Ila kila faranga yake imekwenda kwa watu wa kumtazama, na hakuna iliyokwenda kwa mtu wa kumshukuru.

Sisi Wakongomani tunayo siku ya shukrani, na haikutoka dukani. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, nchi nzima inapumzika. Asubuhi tunakwenda makaburini na jembe, panga na ndoo ya chokaa. Ni kiangazi, majani yamekauka, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Tunafyeka, tunafagia, tunaupaka msalaba chokaa, na mkubwa anawaonyesha wadogo: huyu alikuwa nani, alifanya kazi gani, alimsomesha nani. Mchana tunarudi kwa walio hai. Mwenye uwezo analeta kitenge. Asiye nao anapika bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), anamnawisha mzee mikono, anakaa naye mpaka jioni. Siku hiyo kila zawadi inajua inakwenda kwa nani. Kwa nini tuyasahau hayo miezi minne tu baadaye?

Wengi wenu mna ndugu Marekani, na Novemba hutuma picha za bata mzinga mkubwa mezani. Msiwacheke, wala msiwaige bila kuelewa. Ile ni Thanksgiving, siku yao ya shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawaomba watu washukuru na papo hapo wawaombee wajane na yatima. Kwa hilo ninaiheshimu. Lakini mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja, maana wenye maduka walitaka siku zaidi za kuuza kabla ya Noeli. Majimbo mengine yakakataa, yakashika tarehe ya zamani, mpaka bunge lilipoamua mwaka 1941 kwamba iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Leo Ijumaa yake ni ya kukimbilia bei za chini. Kama biashara iliweza kuivuta siku iliyotangazwa na rais, itashindwa na Noeli yetu ya Katuba?

Basi nawaomba hivi. Kabla ya kwenda sokoni, kaeni mume na mke mtaje watu waliowabeba mwaka huu: jirani aliyempeleka mtoto hospitali usiku, mjomba aliyewatafutia kazi mgodini, mwenzako wa likelemba, yaani mchango wa kupokezana pesa, aliyekuachia zamu yake ulipofiwa. Nenda kwake. Akiwa mtaa mwingine, Ruashi au Kamalondo, usimpigie simu, nenda mwenyewe. Beba maembe, msimu wake ndio huu, au kilo ya unga, au nenda mikono mitupu. Ila mtajie jambo lenyewe: usiku ule, mvua ikinyesha, ulinifanyia hivi. Mimi nimeambiwa hivyo na wachache, na maneno yao ninayo mpaka leo.

Watoto wavalisheni kwa pesa iliyopo. Nguo ya mwaka jana iliyofuliwa na kupigwa pasi haimtii mtoto aibu mpaka mzazi wake aone aibu kwanza.

Tarehe 25, baada ya misa, njooni kwangu. Kutakuwa na bukari, sombe na samaki wa Kasenga. Anayekuja aje na mtu mmoja ambaye hajamshukuru mwaka huu, wale sahani moja. Na mwenye deni la riba asingoje siku hiyo, aje wiki hii tuongee kabla hajaongeza jingine.

Kambo, mzee wenu,
Katuba, Lubumbashi