Kwa mjomba wangu mpiga besi: sikiliza Automatic for the People

Mjomba, shikamoo.

Kuna albamu moja ya roki ninayotaka uisikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na mbili, bila kuruka hata mmoja. Inaitwa Automatic for the People, ya R.E.M., bendi ya watu wanne kutoka mji wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Ilitoka Oktoba 1992. Wewe umepiga besi ya benga tangu kabla sijazaliwa, umerekodi kwenye studio za River Road, Nairobi, na kila nikitaja roki unasema ni makelele ya watu wasiojua msiba. Nakuandikia hadharani kwa sababu si wewe pekee usemaye hivyo. Wazee wengi hapa mtaani wana maneno hayohayo, na ningependa nao wasome.

Mwaka huo unaukumbuka. Nairobi ilikuwa imechemka, uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba ukikaribia. Kwao Marekani roki ndiyo ilikuwa imeshika moto upya: Nirvana walikuwa wametoa Nevermind mwaka 1991, na bendi chungu nzima zikawa zinataka gitaa linalonguruma. R.E.M. nao walikuwa wamewika dunia nzima kwa Out of Time ya mwaka uohuo wa 1991. Promota yeyote angewaambia waongeze sauti, wapakie vyombo, waende ziara. Wao wakaja na albamu ya gitaa kavu, piano na vayolini, inayoimba uzee na kifo, kisha hawakufanya ziara ya kuitangaza. Jina lake walilitoa kwenye kaulimbiu ya mkahawa mmoja wa mjini kwao, Weaver D's, unaouza chakula cha kawaida cha watu wa kawaida. Hilo huwa linanifurahisha sana.

Na hizo vayolini katika nyimbo nne zilipangwa na mpiga besi mwenzako, John Paul Jones wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza.

Sasa nikupeleke kwenye wimbo wa sita, Sweetness Follows. Unaanza na mtu anayejitayarisha kumzika baba na mama. Halafu unawageukia ndugu, kaka na dada, na kuwauliza kama wangejali wakipotezana. Michael Stipe, mwimbaji wao, anaimba polepole, hapayuki. Chini yake kuna chelo nzito, na juu ya chelo Peter Buck anaachilia gitaa la umeme lilie lenyewe mbele ya spika, ule mlio ambao fundi mitambo wenu angekimbilia kuuzima. Haya ndiyo makelele unayoyakataa, mjomba. Yasikilize hapa. Yanafanya kazi ambayo maneno yameshindwa.

Tulimzika nyanya. Wiki ile nyumba ilijaa: mikutano ya michango kila jioni, kundi la WhatsApp likilia bila kukoma, kwaya kwenye spika hadi usiku wa manane, kisha basi la kwenda nyumbani mashambani. Nashukuru kwa yote hayo. Bila watu hatungesimama. Lakini basi lilirudi Nairobi, kila mtu akashika kazi yake, na nyinyi watoto wake mkarudi mmoja Rongai, mwingine Kahawa, mwingine Kitengela. Hapo ndipo kilio kilipoanza kwangu, ndani ya matatu ya Jogoo Road, wimbo huu ukiwa masikioni. Kwaya zilikuwa zimeniambia nyanya yuko mahali pema, nami naamini hivyo. Sweetness Follows haikuniambia lolote kuhusu alipo. Ilikaa na mimi hapa alipotoka.

Kabla ya huo, wimbo wa pili, Try Not to Breathe, ni sauti ya mzee anayejua muda wake umefika. Anasema ameyaona mengi, na hataki kuwa mzigo kwa anaowaacha. Walioimba hivyo hawakuwa wazee. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika miaka 40. Nyanya aliongea hivyo miezi yake ya mwisho, na sisi tulikuwa tunambadilishia mada. Wimbo huu haubadilishi mada.

Everybody Hurts umeusikia redioni, hata kama jina hulijui. Aliyeutunga kwa sehemu kubwa ni Bill Berry, mpiga drami, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya midundo yake ni ya mashine. Alitunga wimbo, akaona haumhitaji sana, akajitoa. Wapiga drami wangapi umewahi kufanya nao kazi wangekubali hilo? Maneno ni mepesi kiasi kwamba mtoto wa shule ayaelewe, na sioni aibu kusema bado yananiinua.

Ignoreland ni hasira ya siasa za kwao. Wengine husema haufanani na wenzake, nami nakubali, ila nyumba yenye msiba ina hasira pia. New Orleans Instrumental No. 1 ni mfupi, hauna maneno, hupita.

Nightswimming ndio ninaoupenda kuliko yote. Hakuna gitaa, hakuna drami. Mike Mills, mpiga besi wa bendi, ameweka besi chini na kukaa kwenye piano, anazungusha mzunguko uleule mmoja, unazunguka kama magurudumu ya gari la moshi, huku Stipe akikumbuka vijana waliokuwa wakiogelea usiku na picha ya zamani iliyowekwa kwenye dashibodi ya gari. Halafu inaingia obo. Wewe uliyekulia karibu na ngoma za Pwani kabla ya kuja Nairobi utaitambua mara moja, maana ni ndugu wa zumari. Hapo mimi huacha chochote ninachofanya. Kitu kilichopita hakirudi, na huyu mtu haombi kirudi. Anataka tu kukitaja vizuri.

Baada ya huo unafuata wa mwisho, Find the River. Mills na Berry walirekodi sauti zao za kuitikia bila mmoja kumsikia mwenzake. Mmoja anaimba kwa utulivu, mwingine kwa uchungu, na zimeachwa hivyo hivyo.

Berry aliacha bendi mwaka 1997, na waliobaki wakaifunga rasmi mwaka 2011.

Nimeiweka kwenye flashi, kwa mpangilio wake. Jumapili baada ya ibada nitapita kwako. Na kuna jambo ninalohitaji sikio lako hasa: katika wimbo wa kumi, Man on the Moon, gitaa na sauti ndivyo vinavyosifiwa, lakini mimi naona besi ya Mills ndiyo inayouendesha wimbo, inapanda na kushuka kama mwimbaji wa pili. Niambie kama nasikia sawa.

Mpwa wako.