Barua ya wazi kwa Meneja wa Umeme: naomba mje mkaze nyutro, ule waya wa kurudisha umeme

Mheshimiwa Meneja,

Nakusalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya nne. Zile tatu nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala zake ninazo, na hii nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu zile hazikujibiwa na usiku wa Ijumaa iliyopita mama yangu alifungua geti akatoka peke yake na mimi sikuona kitu, kamera zote zilikuwa zimezima.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Usiku anaamka anasema anaenda kwao, na kwao anakokusema hakuna mtu tena. Kamera kwangu sikuweka kwa ajili ya wezi, niliweka kwa ajili yake. Ile ya mlangoni na ile ya geti zikiona mtu anatembea usiku simu yangu inalia, naamka, namshika mkono tunarudi ndani, basi. Tumeishi hivyo karibu miaka miwili bila shida.

Shida ilianza na umeme wako, mkuu. Usiku mmoja miezi miwili iliyopita nilisikia kitu kinalia pa! sebuleni alafu harufu ya plastiki inayoungua, kuja kuangalia DVR, ile mashine inayorekodi kamera, imekufa, ruta ya intaneti imekufa, adapta tano za kamera zimekufa, na friji nayo ikanguruma kidogo ikanyamaza mpaka leo. Nilijaza fomu ya fidia, ikarudi na neno moja tu: radi.

Mheshimiwa, haikuwa radi. Kamera ya geti ina memori kadi ndani yake na ile kadi ilipona. Kwenye ile video saa ya kamera inaonyesha 02:41, mbingu haina wingu, ina nyota, ardhi kavu, na kwa nyuma inaonekana taa ya jirani yangu wa ng'ambo. Ile taa inaanza kung'aa, inazidi, inazidi mpaka inakuwa nyeupe kabisa kama imewashwa tochi kwenye lenzi, inachukua kama sekunde kumi na kitu hivi, alafu giza. Radi haipandishi taa taratibu sekunde kumi. Radi inapiga na kuisha kabla hujapepesa jicho. Hiyo video niliileta ofisini kwenye flashi, nikaambiwa niiache, na mpaka leo sijui nani ameiangalia.

Fundi wangu akaja na mita. Soketi ya kwangu ikasoma volti 287, na jirani mwingine upande wa pili wa njia, muda uleule, ya kwake inasoma 171, taa zake nyekundu kama mshumaa. Hapo inatakiwa kila nyumba ipate 230. Mmoja anazidishiwa na mwingine anapunjwa kwenye laini moja, na nikiwasha pasi kwangu taa za jirani zinapanda. Fundi akasema hiyo ni nyutro, imelegea au imekatika huko juu. Mimi si fundi ila alinieleza nikaelewa: nyutro ndio inayoshikilia kila fezi, yaani kila waya wenye moto, ibaki kwenye 230 yake, ikiachia, nyumba zinabaki zinagawana volti 400 zilizopo kati ya fezi na fezi, mwenye vitu vichache vimewashwa ndio anabeba volti nyingi. Na saa nane usiku nani ana vitu vichache? Ni mimi, mwenye kamera na taa moja ya korido.

Nadhani tatizo liko kwenye klempu, kile kibano cha kuunganisha waya, ya nguzo ya tatu kutoka transfoma. Nasema nadhani kwa sababu siwezi kupanda kule na sitakiwi kupanda, lakini upepo ukivuma pale juu tunaona cheche, watoto wote wa huu mtaa wanajua ile nguzo inatoa nyota. Inawezekana pia nyutro imelegea palepale kwenye transfoma. Watu wako ndio wenye ngazi na vifaa vya kujua.

Sasa nirudi kwenye yale mliyoniambia dirishani, kwamba mteja analinda vitu vyake mwenyewe. Nimelinda. Ekstensheni yenye protekta nilikuwa nayo toka mwanzo. Fundi aliifungua mbele yangu, kile kidude cha bluu cha duara kama kitufe cha shati kimekuwa mkaa. Akanieleza kwamba kile kinazuia mshtuko wa ghafla, wa radi au wa laini kuwashwa na kuzimwa, kitu kinachodumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Volti ikipanda ikakaa juu dakika nzima kile hakiwezi kitu, kinachemka mpaka kinaungua, alafu umeme unaendelea kwenda kwenye adapta. Na adapta chini imeandikwa mwisho 240. Tulipasua moja, kapasita yake, kile kikopo kinachotunza umeme, imetumbuka kichwa, imeandikwa volti 400, na umeme wa 287 ukishageuzwa mle ndani unafika mia nne na ushee. Ingepona vipi?

Nikaweka protekta nyingine kwenye bodi kuu karibu na mita. Nikachimbia upya fimbo ya erthi, ile inayopeleka umeme ardhini. Waya za kamera zilizokuwa zimefungwa pamoja na waya za umeme nikazitenganisha, na ile ndefu ya geti ikawekewa kinga huku na huku, maana radi ikipiga hata mbali inaingilia kwenye waya mrefu inaua kamera na DVR kwa pamoja. Hayo yalikuwa ya kwangu na nimeyafanya, sikukuandikia kwa ajili ya hayo. Mwisho nikaweka na kile kifaa kinachopima volti, zikizidi au zikipungua kinakata, zikitulia kinasubiri dakika kadhaa ndio kinarudisha. Na UPS ndogo, betri ya kushikilia DVR na kamera umeme ukikatika.

Na ndio hapo ilipoharibikia Ijumaa. Volti zilipanda saa tano usiku, kifaa kikakata kama inavyotakiwa, UPS ikashika ikaishiwa chaji, na kwa kuwa volti hazikutulia usiku kucha kifaa kikakataa kurudisha. Hakuna kilichoungua. Vifaa vyangu vyote vizima mheshimiwa, vizima na vimelala, na mimi nimelala najua simu italia, na mama katoka.

Alipatikana alfajiri na watu wanaowahi kazini, amekaa kwenye kingo ya mtaro, kandambili moja mguuni na nyingine kaishika mkononi, nyayo zimechanika. Ananiuliza mbona umechelewa kunifuata. Nilikosa la kumjibu.

Kwenye mkutano na wakazi ulisimama mwenyewe ukasema laini yetu itakaguliwa ndani ya wiki mbili. Nilikuwepo, nilikaa kiti cha mbele, ukaniangalia ukaniambia, “mama, usiwe na wasiwasi”. Leo ni wiki ya saba. Gari lenu limepita huku mara mbili nalijua, mara zote limekuja kukata wanaodaiwa, likapita chini ya ileile nguzo.

Na si kamera tu. Kuna nyumba hapa erthi yake imeungwa na nyutro, na nyutro ikikatika huko nje vyuma vya ndani vinaweza kubeba umeme. Mtoto wa jirani juzi kashika bomba la nje akapigwa akaanguka chini. Akanyanyuka, tunashukuru, lakini yule hakuwa na kamera wala DVR, alikuwa anachota maji.

Nilikuwa na mengi ya kudai. Fidia ya friji na adapta, majibu ya barua tatu, lile neno radi lifutwe kwenye fomu yangu. Yote hayo naweza kusubiri, hata fidia iacheni kwanza. Naomba kitu kimoja, mtu mwenye ngazi apande ile nguzo ya tatu, aikaze nyutro au abadilishe klempu, apime na erthi ya transfoma, alafu apime volti kwenye nyumba yangu na ya jirani kabla hajaondoka. Ni kazi ya asubuhi moja. Aje siku yoyote, hata usiku, hata sikukuu. Siku hizi nalala kwenye kiti nimeegemea mlango wa mbele ili mama akitaka kutoka aniguse kwanza, kwa hiyo nitasikia gari na geti nitafungua mwenyewe.

Wako kwa heshima,
Mteja wako wa nyumba iliyo mkabala na nguzo ya tatu