Fyordi ya Oslo haikuuawa na ndoana

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka kumi na tisa bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu kuhusu fyordi ya Oslo, mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi huku Norwei, iliyotubebesha sisi wenye mishipi lawama yote ya kutoweka kwa samaki, imenifanya nishindwe kunyamaza.

Nakaa kando ya fyordi hiyo. Chewa wa huku (“cod” kwa Kiingereza, si chewa wetu wa mwambani, jina tumempa kwa kukosa jingine) amepigwa marufuku kuvuliwa tangu Juni 2019, na marufuku hiyo naitii. Majira ya joto ya mwaka juzi nilimpeleka mjukuu wangu gatini kuvua vibua. Mara tatu ndoana ilirudi imebeba mwani wa rangi ya chai ya maziwa, unaovutika kama mlenda na kunuka yai viza. Mara ya nne alinasa chewa mdogo wa urefu wa kiganja. Tulilowesha mikono, tukamnasua, tukamrudisha majini. Mama mmoja aliyekuwa akipita akatupiga picha na kutuita waharibifu wa bahari, mtoto akalia hadi nyumbani.

Mwani huo, Mhariri, haukuletwa na mshipi wa mtoto. Unastawi kwa naitrojeni ya maji taka yetu na kwa mbolea ambayo mvua huisomba kutoka mashambani, kisha unafunika nyasi bahari ambamo makinda ya samaki hujificha, na ukioza unamaliza oksijeni ya chini, nayo hairudi upesi, kwa kuwa pale kwenye mji wa Drøbak, fyordi inapobana, kuna kizingiti chini ya maji kinachozuia maji mapya ya bahari kuingia. Mpango wa serikali wa kuinusuru fyordi ulitoka mwaka 2021, lakini halmashauri yetu ingali inabishania nani alipie mtambo wa kuondoa naitrojeni. Hayo hamkuyagusa, na meli zinazokokota nyavu za kuvulia kamba sakafuni mwa bahari mlizipa nusu sentensi.

Wala sijaona mtu akizipiga picha boti za starehe ambazo nanga zao hufyeka nyasi hizo kila Julai.

Hifadhi siipingi, ile ya bahari ya Ytre Hvaler, iliyoanzishwa mwaka 2009, naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba kila diwani aliyepiga kura ya kuahirisha mtambo aogelee mita mia mbili kutoka gati letu mwishoni mwa Agosti, akiwa amevaa shati jeupe, na ninyi mlichapishe shati hilo ukurasa wa kwanza, kwa rangi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Norwei