Padri Hesburgh na uongozi wa vyuo vikuu vya Kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya padri mmoja ambaye utumishi wake, kwa maoni yangu, unawahusu sana wote wanaovisimamia vyuo vikuu vya Kikatoliki hapa nchini.

Padri Theodore Hesburgh wa Shirika la Msalaba Mtakatifu alikabidhiwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 35, akakiongoza kwa miaka mingine 35. Cheo chake huko huitwa rais. Kwetu angekuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Wanaomsifu hutaja urefu wa utumishi huo, majengo, na wanawake walioanza kupokewa katika masomo ya shahada ya kwanza mwaka 1972. Mimi namkumbuka zaidi kwa mambo mawili yaliyotokea mahali pamoja.

Mwaka 1957 Rais Eisenhower alimteua kuwa mmoja wa wajumbe 6 wa Tume ya Haki za Kiraia, nusu yao wakitoka majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakiwabagua watu weusi kisheria. Mwaka 1959 kikao chao cha Shreveport, Louisiana, kilipozuiwa na amri ya mahakama, aliwachukua wenzake kwa ndege hadi Land O'Lakes, Wisconsin, ambako chuo chake kilikuwa na nyumba kando ya ziwa. Wakavua samaki, wakala pamoja, kisha wakakaa kujadiliana, na watu waliotofautiana vikali wakakubaliana kwa kauli moja karibu mapendekezo yao yote. Kazi ya Tume hiyo ilisaidia kuandaa njia ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Hapohapo ziwani, Julai 1967, aliwakusanya viongozi wa vyuo vikuu vya Kikatoliki, nao wakatamka kwamba chuo cha namna hiyo lazima kijitawale na kiwe na uhuru wa kitaaluma mbele ya mamlaka yoyote ya nje, iwe ya walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, au ya makleri, yaani maaskofu na mapadri. Mwaka huohuo shirika lake lilikabidhi usimamizi wa Notre Dame kwa bodi yenye walei wengi. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba huo ndio mwanzo wa vyuo hivyo kulegea katika imani, na hofu yao siidharau, lakini padri aliyekuwa na chuo kizima mkononi alikubali kwa hiari kuwajibika kwa watu wasiofungwa na nadhiri ya utii, na hilo si jambo dogo.

Sikubaliani naye katika kila jambo. Barua yake ya Februari 1969, iliyowapa wanafunzi watakaotumia nguvu dakika 15 za kutafakari kabla ya adhabu, ilikuwa kali kupita kiasi. Sisi tunaokumbuka wanafunzi wa chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, walivyofukuzwa mwaka 1966 kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa tunajua uchungu wa hukumu ya haraka. Rais Nixon aliisifu barua hiyo. Hata hivyo Hesburgh, akiwa mwenyekiti wa Tume tangu mwaka 1969, aliendelea kuikosoa serikali kuhusu haki za watu weusi, mpaka mwaka 1972 Nixon akamwondoa.

Kwetu, kila anapoteuliwa Makamu Mkuu wa chuo kikuu cha Kanisa, tunasoma shahada zake na mahali alikosomea, basi. Nawaomba waandishi wako watuandikie pia ni akina nani wanaokaa katika Baraza la Chuo, walei ni wangapi, na kama baraza hilo linaweza kumwambia kiongozi huyo hapana.

Mwalimu mstaafu,
Ubungo, Dar es Salaam