Wajerumani walianza na pesa, sisi tulianza na kazi

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya kijana anayewasifu Wajerumani kwa kukipa kura nyingi AfD, chama kinachopinga wahamiaji. Anataka nasi Kongo tupate chama cha namna hiyo, kitutoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, “kila mtu akae kwake”. Mimi ni mama muuza unga, komini ya Katuba, Lubumbashi. Barua hiyo imeninyima usingizi, ingawa si yote aliyoandika ni uongo.

Malalamiko yake nayajua. Tulijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Askari wake walifika mashariki mwa Kongo Novemba mwaka huo, wakaondoka Desemba 2023 vita vikiendelea. Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba inawasaidia waasi wa M23, tunaketi nayo meza moja. Anayeuliza tumepata nini ana haki ya kujibiwa, na mimi nauliza pamoja naye.

Lakini AfD haikuanza hapo anapoiona leo. Mwaka 2013 waanzilishi wake, akiwemo profesa wa uchumi Bernd Lucke, walikuwa na neno moja: yuro, pesa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Hawakutaka pesa za Wajerumani ziokoe nchi zenye madeni kama Ugiriki. Hiyo ni hesabu na mikataba. Mtu anaweza kuikataa na asubuhi akaamkiana na jirani yake vizuri. Walipata asilimia 4.7, wakakosa bunge, kwa kuwa sheria yao inadai 5. Julai 2015 Lucke akashindwa uongozi, akatoka. Wakimbizi wakaingia kwa wingi mwaka huohuo, na kidole kilichoelekezwa Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, kikageukia watu. Mwaka 2017 walipata asilimia 12.6, Februari 2025, asilimia 20.8, nafasi ya pili nchini. Mwezi mmoja kabla ya kura hiyo, kwenye mkutano wao wa Riesa, kiongozi wao Alice Weidel alitamka jukwaani neno “Remigration”. Kwa Kiswahili chetu: rudini kwenu.

Neno hilo mimi nimeshalisikia. Likasi, 1992, nikiwa na miaka 11.

Mkoa wetu wa Katanga uliitwa Shaba wakati huo. Maneno yalianza na kazi: nani anashika nafasi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na za reli, kwa nini mtoto wa hapa anabaki nje. Baba yangu mwenyewe alilalamika hivyo, na hakuwa mtu mbaya. Kisha wanasiasa wakaiacha kazi, wakashika watu. Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa warudi kwao. Mama jirani yetu, aliyezaliwa palepale Likasi na hajawahi kuiona Kasai, alimpitishia mama yangu mbabula yake, jiko la makaa, juu ya ua, majivu yakiwa bado na joto, maana kwenye treni hapakuwa na nafasi ya vyombo. Wakalala stesheni na maelfu ya wenzao, majuma kwa majuma, wakingoja mabehewa. Mama alinituma niwapelekee bukari, yaani ugali, kwenye sahani iliyofunikwa. Nilipokwenda mara ya tatu, mtoto wao mdogo, tuliyezoea kumbeba mgongoni kwa zamu, hakuwepo. “Tumbo,” alisema mama yake, akapokea sahani kwa mikono miwili.

Na zile kazi? Hazikupatikana. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeshaporomoka tangu Septemba 1990, shaba ya Gécamines ikazidi kupungua, na walioondoka hawakuwa wameibeba ndani ya mabehewa.

Hata tukiacha hayo, kukaa kila mtu kwake kuna bei, na mimi ndiye ninayeiandika kwenye daftari. Unga mwingi wa bukari tunayokula hapa unatoka Zambia, kwa njia ya Kasumbalesa, mji wa mpakani. Agosti 2024 serikali yetu ilizuia bia na soda za Zambia, watu wakaandamana mpakani, Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Zilikuwa siku chache tu. Lakini wateja wangu wa mfuko mzima walianza kuomba niwapimie kidogokidogo, na mzee mmoja aliniomba nimwekee unga wa jioni moja mpaka apate pesa.

Kwa hiyo namwomba kijana huyo aandike tena, ataje ni ahadi gani ya Jumuiya iliyovunjwa, ni ushuru gani unaotuumiza, ni kifungu gani tukikatae. Baadhi nitatia sahihi pamoja naye. Asiandike habari za nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Nawe Bwana Mhariri, tuchapishie kwa Kiswahili sehemu za mkataba zinazohusu forodha na kuvuka mipaka, hata kidogokidogo kila juma. Sisi wa sokoni tutazisoma.

Mama muuza unga,
Katuba, Lubumbashi